Rapa ya Majira ya Baridi: Zao Linaloamuliwa Mwezi wa Agosti



Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, mkemia Michael Elliott na wenzake walitangaza dawa ya permethrini. Waliichukua kemia ya ua la pareto, hili hili tunalokausha Mufindi na Nakuru, wakalitengenezea nakala isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa za ukoo huo huitwa pairethroidi. Nimeanza na pareto katika mada ya zao la Ulaya kwa sababu mkasa wa rapa huko Uingereza ni wa wakulima waliobaki na nakala hiyo karibu peke yake, mbele ya mdudu aliyekwisha kuizoea.

Rapa, ambayo wengi mnaijua kwa jina la kanola kwenye chupa za mafuta, si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1935 Woo Jang-choon, mtaalamu wa jenetiki mwenye asili ya Korea aliyefanya kazi Japani, alionyesha kwamba ni mtoto wa kabichi na tanipu. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi wa tumbo moja, basi tuseme ni shangazi wa rapa. Wadudu na magonjwa mengi huzunguka ndani ya ukoo huo bila kubisha hodi.

Aina ya majira ya baridi hupandwa kuanzia Agosti hadi mapema Septemba, hukaa baridini ikiwa shada la majani, huchanua Aprili na Mei, na mavuno huanza Julai. Bila wiki kadhaa za baridi haichanui. Ukiipanda Morogoro utapata majani tu. Kanola inayolimwa Timau, Kenya, ni ya aina isiyosubiri baridi hiyo. Mkulima anayekuuliza habari za mbegu za Ulaya aelezwe jambo hilo kwanza.

Adui mkubwa ni mbawakawa-kiroboto, mdudu mweusi mwenye mng'aro wa buluu, urefu wa milimita nne hivi, mwenye mapaja manene ya kurukia. Hufika shambani mche unapotokeza na kutoboa majani yake mawili ya kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, mche hukua kumpita. Udongo ukiwa mkavu, mche husimama palepale na kuliwa hadi kwenye kitovu. Na mche ulionusurika bado una deni. Jike hutaga mayai udongoni karibu na shina, mabuu wakaingia katika vikonyo vya majani, wakakaa humo baridi yote, kisha wakahamia shinani. Ndiyo maana shamba lililopendeza Novemba laweza kudumaa Machi.

Zamani mbegu za rapa zilivikwa dawa za neonikotinoidi ili kumzuia mdudu huyu. Umoja wa Ulaya ulizizuia kwa mazao yanayovutia nyuki kuanzia Desemba 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku dawa tatu kuu za ukoo huo nje ya vitalu vilivyofunikwa. Nasikia watu wakisema nyuki ndio walioliponza zao. Sikubaliani nao. Kilichoponza ni mazoea: mbegu ikishavikwa dawa, nani angeinama kuhesabu wadudu? Dawa ilipoondoka, mabomba yakajazwa pairethroidi, zikapulizwa tena na tena, na kiroboto mwenye mishipa ya fahamu isiyodhurika nayo ndiye aliyebaki kuzaa. Tena dawa hizo huua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mabuu wake. Eneo la rapa Uingereza lilikuwa zaidi ya hekta 750,000 mwaka 2012. Kufikia 2021 lilikuwa limebaki kama hekta 300,000. Sababu zilikuwa kadhaa, ila huyu ndiye aliyewavunja moyo wengi.

Sasa wanalimaje? Wanaanza na unyevu. Mkulima hapandi kwa kalenda ya jirani, husubiri udongo uloane au mvua iwe njiani. Kuhusu tarehe, kila njia ina bei yake. Ukiwahi, mche hupata nguvu kabla kiroboto hajajaa shambani, lakini mabuu watakuwa wengi zaidi. Ukichelewa, mabuu hupungua, lakini mche huingia baridini ukiwa mdogo na njiwa wakaumaliza. Wapo wanaochanganya rapa na klova au uwatu, ule ule wa jikoni kwetu, ili mdudu apotezwe maboya. Baridi kali ikija huiua mimea hiyo na kuiacha rapa. Wengine huiacha rapa iliyojiotea kwenye shamba la mwaka jana hadi Septemba, iwe chambo. Huo nauona ndio ujanja wa bei rahisi kuliko yote. Kunyunyiza hufikiriwa pale robo ya eneo la majani ya mche mchanga inapokuwa imeliwa, na mche unaliwa kasi kuliko unavyokua.

Magonjwa nitayapitia kwa haraka, isipokuwa mawili. Foma huanzia kwenye mabua ya msimu uliopita: mvua za vuli huamsha mbegu za ukungu, jani hupata madoa, ukungu hushuka kwa kikonyo hadi shinani na kulitia donda. Ukiliona donda, dawa umeshachelewa. Kinga yake ni aina stahimilivu na macho ya Oktoba. Fundo la mizizi ni baya zaidi, kwa kuwa mbegu zake huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 15. Aina iitwayo Mendel ilistahimili, ikapandwa sana, hadi ugonjwa ukaizoea katika baadhi ya mashamba. Chokaa husaidia, na mzunguko mrefu wa mazao husaidia zaidi. Ukungu mweupe wa shina hutumia petali zinazoanguka juu ya majani, hivyo dawa yake ni ya wakati wa maua, ipulizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Virusi vya umanjano huletwa na vidukari, na hapo chagua mbegu stahimilivu.

Kipimo cha mwisho hufanyika Novemba. Mkulima hung'oa mimea kama 25 kutoka pembe mbalimbali za shamba, hupasua kila kikonyo na kuhesabu mabuu. Wakifika watano kwa mmea, huwaza dawa, akiwa na hakika kwamba bado inaua katika eneo lake.

Kwenye meza ya nyuma kuna visu na miche ya sukuma wiki. Kiroboto wa Uingereza hatutamkuta humo, ila tuzoeze mkono kupasua kikonyo bila kumkata aliyemo ndani.