Hadithi ya Kuazima, Sauti ya Mwenyewe: Mhadhara wa Umma juu ya Muziki katika Filamu



Washairi wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja wote hutunga tarbia kwa vina na mizani ile ile, wala hapana anayeona haya kuogelea katika bahari aliyoikuta. Illa shairi linapoghaniwa, sikio lililozoea hutambua upesi mghani ametoka mji gani. Nadai jioni hii kwamba filamu za tanzu mashuhuri, yaani za kauboi, za majambazi na mfano wake, zina hali hiyo hiyo: kiunzi cha hadithi ni mali ya walimwengu wote, na muziki ndio unaotangaza kwamba hadithi hiyo sasa ni ya nani.

Tuanze na kauboi. Utanzu huu ulizaliwa Marekani, walakini mwaka 1964 Sergio Leone, Mtaliano wa Roma, alitoa A Fistful of Dollars, ambayo kisa chake kilichotwa katika Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, na nyika zake zilikuwa za Uhispania. Muziki alimkabidhi Ennio Morricone, aliyesoma naye utotoni. Fedha zilikuwa haba, na okestra kubwa haikupatikana. Basi Morricone akatumia mluzi, mlio wa mjeledi, gitaa la umeme na sauti za waimbaji, na katika uhaba ule ikazaliwa lahani ambayo hakuna Mmarekani aliyekuwa nayo. Katika For a Few Dollars More ya mwaka 1965, saa ya mfukoni hutoa wimbo mdogo, na mahasimu hungoja uishe ndipo wafyatue bastola. Nasi, kila wimbo unaporudi, twafunuliwa zaidi msiba wa zamani uliofungamana na saa ile. Ilipofika Once Upon a Time in the West, mwaka 1968, muziki ulikuwa umekwisha kutungwa kabla ya kupigwa picha, na Leone aliuchezesha uwanjani ili waigizaji waenende kwa mwendo wake. Muziki wa namna hiyo umevuka daraja ya pambo. Umekuwa ndio msimulizi.

Filamu za Wataliano zilivuka bahari hata Jamaika, na huko ndiko hoja yangu inakodhihirika. Katika The Harder They Come, filamu ya Perry Henzell ya mwaka 1972, kijana Ivan, aliyeigizwa na Jimmy Cliff, atoka shamba kuja Kingston kutafuta riziki, aingia sinema, na humo aona Django, filamu ya kauboi ya Kitaliano, huku umati ukishangilia. Kisa chenyewe ni cha jambazi, na asili yake ni Rhyging, mhalifu aliyeuawa na polisi mwaka 1948. Henzell angeliweza kuiga mluzi wa Morricone. Badala yake alichukua rege ya vichochoro vya Kingston, akaifanya uti wa mgongo wa kisa. Ivan asimama mlangoni mwa studio akiwatazama Toots and the Maytals wakiimba, nasi twaona shauku yake kabla hajasema neno. Arekodi wimbo wake mwenyewe, na tajiri wa santuri, mwenye amri pia juu ya nyimbo zipigwazo redioni, amlipa dola 20 tu. Dhuluma hiyo yamsukuma katika biashara ya bangi, kisha katika mauaji. Na anapowindwa kama mnyama, wimbo ule ule wavuma mji mzima. Mwishoni, pwani, awataka askari wamtoe shujaa mmoja wapambane naye kama kauboi, nao wamwua. Picha aliyoiazima ilimponza. Wimbo alioutunga ulibaki. Huko Marekani filamu hii ilionyeshwa na tafsiri chini ya picha, kwa kuwa Patwa, lugha ya Kingston, haikufahamika, lakini muziki wake ulipokelewa bila mkalimani, ukaitangaza rege kwa watu wengi ambao walikuwa hawajapata kuisikia.

Yamkini mtu akauliza: je, muziki nao haukuazimwa? Naam, uliazimwa. Rege ina damu ya mento na ska, na ya muziki wa Wamarekani weusi uliosikika redioni. Taarabu yetu ilipokea ala za kanuni na fidla za Misri, na mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliiimba kwa Kiswahili hata watu wa kawaida wakaiona yao. Utambulisho, basi, hautaki usafi wa asili. Wataka kazi ya kuchagua na kugeuza, na kazi hiyo haifanywi kwa kuokota muziki wowote uliokwisha kuwa tayari na kuumwagia juu ya picha.

Kwa hiyo nawausia vijana wetu wanaotengeneza filamu za mapenzi, za uchawi na za majambazi: msione haya kuazima kisa, kwani Leone aliazima, na Henzell aliazima. Lakini mtungaji wa muziki aketi nanyi tangu siku ya kuandika hadithi, alipwe haki yake, asije akapunjwa kama Ivan, na aulizwe wahusika hawa huimba nini wanapofanya kazi, wanapoomba na wanapolia. Na vyuo vyetu vifundishe utunzi wa muziki wa filamu pamoja na uandishi wa tamthilia, kwa kuwa taifa linaloacha sauti ya hadithi zake ichaguliwe na wengine limewaachia hadithi yenyewe.