Bei ya Haki kwa Kazi ya Kukata na Kufunga Nyasi



Katika miaka hii kumi ya ushirika wetu tumekwisha kupatana juu ya bei ya maziwa na ya mbegu. Lakini kila msimu wa nyasi za Rhodes huku kwetu Bonde la Ufa, jambo moja hutugombanisha: ujira wa mwenye trekta anayemkatia na kumfungia mwenzake nyasi. Mwenye shamba husema anapunjwa. Mwenye mashine husema anafanya kazi ya bure. Wote wawili ni wanachama wetu, na wanaposhindana, nyasi zilizokwisha katwa hulala chini zikinyeshewa.

Desturi yetu ni kulipa kwa robota, nayo ina ila. Mashine ya kufunga hukazwa au kulegezwa apendavyo dereva: robota moja litatoka na kilo 15, lingine la ukubwa ule ule litatoka na kilo 12. Shamba lenye kilo 3,600 za nyasi kavu hutoa marobota 240 mazito, au 300 mepesi. Hapo mwenye shamba atalipia marobota 60 zaidi, wala hakupata hata unyasi mmoja wa ziada. Simsingizii mtu wizi. Nasema tu kwamba bei ya namna hii humjaribu hata mwaminifu.

Kulipa kwa ekari peke yake si dawa. Ekari iliyostawi hula kamba na dizeli kuliko iliyokonda. Tena mashine ile hufanya kazi majuma machache, kisha hukaa bandani. Mkopo wake haukai.

Kwa hiyo naona heri kazi zitenganishwe. Kukata kulipwe kwa ekari. Kufunga kulipwe kwa robota la uzito uliokubaliwa, na marobota kumi ya kwanza yapimwe mbele ya wote wawili kabla kazi haijaendelea. Nyasi ziwe zimekauka barabara, kwa maana zenye unyevu uliozidi asilimia 20 hudanganya mizani leo na kuvunda ghalani kesho.

Bei yenyewe ipangwe kabla ya msimu, wenye matrekta wakiwapo, baada ya kuhesabu dizeli, kamba, mshahara wa dereva na uchakavu wa visu. Naomba Halmashauri ilipokee shauri hili, na mizani ya chama iazimwe bila malipo.