Usifungue Rejeta Yenye Moto

Wanakisomo mlio na karatasi hii mbele yenu, fuateni mstari kwa mstari. Leo tunazungumza na madereva na mautingo wa magari ya biashara.

Lori limetoka Rau asubuhi, limepakia saruji, linapanda kwenda Uru. Mlima ni mkali. Mwendo ni wa pole, kwa hiyo upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Lakini injini inafanya kazi kubwa. Mara mshale wa joto unaingia kwenye nyekundu. Dereva anasimama, anamwambia utingo: “Fungua rejeta, utie maji!” Ndugu, neno hilo laweza kumpofusha mtu.

Kwa nini? Maji ya sufuria iliyo wazi, hapa Moshi, huchemka yakifika kama digrii 97. Lakini rejeta imefungwa, na kifuniko chake kina springi inayobana. Maji yakibanwa hivyo huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua, mbano umeondoka: papo hapo maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni.

Basi fanya hivi. Simama pembeni, vuta breki ya mkono, zima injini, weka kigingi nyuma ya magurudumu. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ipoe. Usitie mkono karibu na feni; feni ya umeme huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Rejeta ikipoa, shika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso, zungusha kidogo tu. Mvuke uliobaki ukiisha kutoka, ndipo ufungue. Wala usitie maji baridi ya mtoni katika injini yenye moto. Chuma huweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpelekeni hospitali.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tazama maji, mipira ya rejeta na mkanda wa feni. Na mwenye mzigo akikuhimiza njiani, mjibu kwa adabu: saruji itangoja, jicho halinunuliwi.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini maji ya rejeta hupita digrii 100 bila kuchemka?
2. Utingo akiambiwa afungue rejeta yenye moto, ajibu nini?