Bima ya Afya na Fomu Zake

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: bima, fomu, bahasha. Yote matatu tutakutana nayo leo.

Bima ya afya maana yake ni mfuko wa fedha uliowekwa mapema, ili mtu akiugua, hospitali ilipwe kutoka mfuko ule. Leo nitawapelekeni Marekani. Nchi ile ni tajiri, lakini mgonjwa asiye na bima aweza kutoka hospitali amepona, akarudi nyumbani na deni la miaka mingi.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya bima ya watu maskini, iitwayo Medicaid. Litamkeni hivi: medikedi. Serikali kuu hulipa nusu ya gharama au zaidi, na jimbo hulipa inayobaki. Jimbo ndilo liendeshalo kazi yenyewe. Kuingia katika mpango huo ilikuwa hiari. Arizona liliingia la mwisho, mwaka 1982.

Hata hivyo, katika majimbo mengi mtu mzima asiye na mtoto hakupata bima hii, hata awe maskini namna gani, ila kama ni mlemavu au mzee. Sheria ya mwaka 2010 ilitaka kumwingiza naye. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba kila jimbo lijichagulie. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, majimbo 40 pamoja na mji mkuu, Washington, yalikuwa yamekubali.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria ikipita, watu bado hawajaandikishwa. Tuseme wewe ni mfagiaji wa hoteli. Nani atakuambia kwamba bima ipo? Ukiambiwa, utapewa fomu ya kurasa nyingi. Utatakiwa uonyeshe mshahara wako, nyumba unayokaa na watu unaokaa nao. Ninyi mnaojifunza kusoma mnajua jinsi fomu inavyomtoa mtu jasho. Wengi huiweka juu ya kabati, na huko hukaa.

Jimbo la Louisiana liko kusini, pale mto Mississippi unapoingia baharini. Mwezi wa Januari 2016 gavana mpya, John Bel Edwards, aliamuru bima hii ipanuliwe, ianze kutumika tarehe 1 Julai. Muda ulikuwa mfupi, na makarani walikuwa wachache. Wakuu wa kazi wakajiuliza: Je, hatuwajui watu hawa tayari? Waliwajua. Maskini wengi walikuwa wakipokea msaada wa chakula wa serikali, na ofisi ya msaada ule ilikwisha pima mapato yao. Kwa nini wapimwe mara ya pili?

Basi watu zaidi ya 100,000 wakapelekewa barua. Ndani ya bahasha mlikuwa na maswali machache tu, ya kujibu ndiyo au hapana. Aliyejibu na kukubali, aliandikishwa. Wengine waliokuwa katika mipango midogo ya matibabu ya serikali walihamishwa bila kujaza kitu. Siku bima ilipoanza, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha andikishwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi ya ofisi: karani atafute karatasi katika kabati lake mwenyewe kabla ya kumsumbua mgonjwa.

Lakini lango laweza pia kufungwa. Mwaka 2018 jimbo jirani la Arkansas liliwataka baadhi ya wenye bima, wa umri wa miaka 30 hadi 49, waonyeshe kila mwezi kwamba wamefanya kazi saa 80. Hapo mwanzo taarifa zilipokelewa kwa intaneti tu. Tena, msicheke, mtambo wenyewe ulifungwa tangu saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kama duka. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi, ila hawakuweza kutoa taarifa. Mwezi wa Machi 2019 jaji alisimamisha sharti hilo.

Jambo kama hilo likatokea katika nchi nzima. Wakati wa ugonjwa wa korona, tangu Machi 2020, majimbo hayakuruhusiwa kuwaondoa watu katika bima. Ruhusa iliporudi, Aprili 2023, ukaguzi ukaanza. Watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa. Kati ya kila kumi, kama saba hivi hawakuonekana kuwa na mapato makubwa. Waliondolewa kwa sababu ya karatasi: barua ilikwenda nyumba ya zamani, au fomu haikurudi kwa wakati. Mwingine alikuja kujua siku alipofika kuchukua dawa.

Sasa zoezi. Kila mmoja aandike barua fupi ya ofisi, yenye maswali manne ya ndiyo au hapana, ya kumwandikisha jirani yake katika bima. Kisha mpe jirani aisome kwa sauti. Akikwama mahali, mwandishi afute neno lile na kutafuta jingine. Mwalimu atakusanya barua hizo kesho. Kwaherini.