Huruma Haiandiki Mkataba wa Kazi: Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu Bukoba na Muleba

Anayeisoma Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, akiwa na kikokotoo mkononi atakutana na kioja. Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Kwa hesabu kavu, mtu mmoja hatimii mpaka mwajiri afikishe wafanyakazi 34. Hoteli yenye wahudumu 25 au shule binafsi yenye walimu 30 imekaa katikati ya ukungu huo, na asiyetaka kuajiri hakosi pa kujificha. Sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1982 ilikuwa dhaifu zaidi, lakini hesabu yake ilikuwa nyepesi: wafanyakazi 50, asilimia 2, mtu 1.

Sasa na ahesabu mtu waajiri wa Bukoba na Muleba wenye wafanyakazi 34. Zipo halmashauri zenyewe na hospitali kama Ndolage na Rubya. Vipo viwanda vya mjini Bukoba vinavyokoboa na kusindika kahawa, TANICA ikiwemo, na vya kuchakata sangara. Zipo shule kubwa. Baada ya hapo orodha inaanza kusuasua. Wilaya ya Muleba, kwa Sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 630,000, na walio wengi wanaishi kwa kibanja, kwa ziwa, kwa genge, kwa bodaboda na kwa vibarua vya msimu. Mwenye saluni Rwamishenye hana afisa utumishi. Mwenye karakana ya kuchomelea Kamachumu hajawahi kuisikia asilimia 3, na hata angeisikia isingemhusu. Katika sehemu kama hizo, kinachoamua nani apate kazi ni mtazamo wa mwenye mali, basi.

Na mtazamo huo, mada hii inadai, mara nyingi hauna chuki ndani yake. Ungekuwa na chuki ingekuwa rahisi kupambana nao.

Tatizo kubwa ni huruma. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamsalimu vizuri kijana anayetembelea magongo, anamuulizia hali ya wazazi, wakati mwingine anamtolea noti ya elfu mbili. Kijana huyo huyo akiuliza kama kuna nafasi ya kuuza pale kaunta, mzee anaanza kumhurumia kwa njia nyingine: kazi itamchosha, mvua za hapa zitamtelezesha, wateja watamsumbua. Kila sababu imetolewa kwa nia njema, na kila moja imeamuliwa kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa. Swali la kumuuliza lipo, tena ni fupi: hii kazi utaifanyaje? Mtu aliyeishi na ulemavu miaka 20 amekwisha kutatua mambo mengi ambayo mwajiri anayawazia kwa mara ya kwanza leo asubuhi.

Hoja ya wateja inastahili kujibiwa kwa mfano, na mfano uko Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ulianzishwa mradi wa Neema Crafts na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye mradi ukafungua mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka au anajaribu ishara chache, chakula kinakuja. Wateja hawakukimbia. Watalii na wenyeji waliufanya mahali pa kukutania, na karakana zake zikaajiri watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Arusha nako kuna Shanga, karakana ya aina hiyo hiyo ya vioo, shanga na ufumaji iliyoanza miaka ya 2000 katika shamba la kahawa la Burka. Shamba la kahawa! Mkoa wa Kagera, unaojivunia sana kahawa yake, ungeweza kuona wivu kidogo.

Lakini mtu akizungumzia mitazamo Muleba, hawezi kuruka mwaka 2024. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, katika kijiji cha Bulamula, Kata ya Kamachumu, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake, na Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba. Imani kwamba kiungo cha mtu huleta utajiri imelisumbua eneo la Ziwa Victoria tangu katikati ya miaka ya 2000, na tukio lile lilionyesha kuwa haijafa.

Ajira inaingiaje hapo? Inaingia kwa njia za kawaida kabisa. Mwenye ualbino anayepewa zamu ya usiku anafikiria njia ya kurudi nyumbani kabla ya kufikiria mshahara. Mwajiri anayempangia zamu ya mchana, au anayelipia bodaboda mmoja anayejulikana, amefanya jambo kubwa kuliko bango lolote la kupinga ukatili. Kisha kuna jua. Kuanika dagaa katika visiwa vya Bumbire au Goziba, na kugeuza kahawa uwanjani kuanzia asubuhi hadi alasiri, ni kazi za kumchoma mtu asiye na rangi ya kumkinga, na saratani ya ngozi huua wengi wao mapema. Huyo wa kuanika anaweza kupewa mizani, stoo au daftari la malipo, ndani, chini ya paa. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa hapa hapa nchini, Kilimanjaro. Kuyaweka katika orodha ya vifaa vya kazi pamoja na gambuti na glavu hakuhitaji kikao cha bodi.

Bukoba ina shule ya Mugeza Mseto, inayopokea watoto wasioona na wenye ualbino pamoja na wengine, na ina shule ya viziwi hapo hapo Mugeza. Kwa hiyo mwajiri wa mji huu hawezi kusema hajawahi kuwaona. Watoto wanapita, wanasoma, wanahitimu. Kinachotokea baada ya hapo ndipo pana mashaka. Chuo kipya cha VETA cha mkoa kilichozinduliwa Oktoba 2022 Burugo, Nyakato, hakiko mbali na mji, na anayetoka Mugeza akafika pale akasoma ushonaji au umeme amekwisha kuvuka vizuizi vingi. Kizuizi kinachobaki ni usaili. Kijana kiziwi anaketi mbele ya watu watatu wanaozungumza kwa zamu, mmoja akiangalia karatasi, mwingine ameziba mdomo kwa kiganja. Hakuna mkalimani wa Lugha ya Alama. Anafeli mtihani wa kusikia, kisha inaandikwa kwamba amefeli mtihani wa kazi. Fundi cherehani apimwe kwa cherehani: apewe kitambaa, mkasi na saa moja.

Utumishi wa umma una karatasi nzuri kuliko matendo, na hili lisemwe bila kuzunguka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahamasisha waombaji wenye ulemavu na kuwataka waainishe ulemavu walionao kwenye mfumo. Tangu 2008 upo mwongozo wa huduma kwa watumishi wa umma wenye ulemavu, unaogusa mambo kama vitendea kazi na wasaidizi. Lakini mwombaji anapofika kwenye kile kisanduku cha kuainisha ulemavu, anajiuliza: nikijaza, nitasaidiwa au nitaenguliwa mapema? Jibu lake linategemea alichokiona kwa ndugu na marafiki, na ofisi ya halmashauri iliyo ghorofani bila njia mteremko imekwisha kumjibu.

Mifano ya juu ipo na inasaidia. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino aliyekuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Dodoma, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye akawa balozi Ujerumani. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliteuliwa naibu katibu mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria mwaka 2016. Wote wawili waliteuliwa na Rais. Karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hateuliwi na Rais. Anachaguliwa na watu anaosali nao, na hapo ndipo mlango ulipo mzito.

Kuna njia moja ya kukwepa ambayo imekuwa maarufu bila mtu kuikusudia: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu uliwekwa katika sheria mwaka 2018, na baadaye kanuni zikalegezwa hata mtu mmoja mwenye ulemavu aweze kukopa bila kikundi. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Ni mpango mzuri kwa anayetaka kufuga kuku au kufungua kibanda cha wakala. Ila mwenye stashahada ya uhasibu akija ofisini kuuliza kazi, kumwelekeza dirisha la mikopo ni kumfukuza kwa adabu. Hakuna anayemwambia mhasibu mwingine akaanzishe mradi wa kuku kwanza.

Kuhusu gharama, waajiri wengi wanaogopa kivuli. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia mteremko ya mita 1.8 kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na mifuko michache ya saruji. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo sakafu ya mteremko ikwaruzwe isiteleze, na hapo atanufaika pia mama mjamzito na mbeba magunia. Simu za Android huja na TalkBack inayosoma maandishi kwa sauti, na kompyuta ya ofisi inaweza kuwekewa programu ya NVDA bila kulipia senti. Gharama kubwa ya kweli ni mkalimani wa Lugha ya Alama, kwa sababu wakalimani ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Hapo waajiri wadogo hawawezi peke yao, na ni haki kusema hivyo. Halmashauri za Bukoba na Muleba, pamoja na Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), zingeweza kuwa na mkalimani mmoja wa kuitwa kwa zamu siku za usaili.

Ujerumani nayo imeweka mpaka wake kwenye wafanyakazi 20, lakini inadai asilimia 5, na mwajiri asiyefikisha analipa tozo inayorudi kugharimia vifaa na marekebisho kazini. Tanzania ina namba bila tozo. Iwapo tozo ingefaa hapa ni jambo la kujadiliwa. Mwandishi wa mada hii ana shaka nayo, kwa kuwa wapo waajiri ambao wangelipa kwa furaha ili wasisumbuliwe tena.

Na Kagera si mgeni wa kubadili mtazamo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, wakaogopa kushika vikombe vya wagonjwa, wakawatenga hata wafanyakazi wenzao. Leo mwalimu anameza dawa zake na anafundisha, nesi anameza dawa zake na anaingia zamu. Semina zilisaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni dawa, na kukaa dawati moja na mtu mpaka hofu ikachoka yenyewe.

Waajiri pia husahau kwamba ulemavu hauombi nafasi kila mara. Mara nyingine unampata mtu aliye tayari kazini. Kisu cha kiwandani, ajali ya bodaboda barabara ya Muleba, kiharusi, kisukari kinachopunguza kuona. Sheria ya 2010 inamlinda mfanyakazi wa namna hiyo asifukuzwe kwa sababu tu amepata ulemavu, na kwa aliyeumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Hata hivyo, mazoea yetu ni kumfanyia harambee, kumpa mbuzi na kumuaga. Mpokeaji wa samaki aliyepoteza vidole viwili bado anajua kutofautisha sangara wa daraja la kwanza kwa macho. Kumwondoa ni kutupa ujuzi wa miaka kumi.

Pa kuanzia pako karibu. Katikati ya mwaka kahawa ikianza kuingia maghalani, vibarua wa kuchambua huchukuliwa kwa wingi, tena kwa haraka, bila usaili wala cheti. Kuchambua punje ni kazi ya macho na vidole, mtu akiwa ameketi. Haihitaji masikio wala miguu. Vivyo hivyo kushona nyavu mialoni. Msimamizi wa ghala anayeajiri watu 40 kwa msimu anaweza kwenda Mugeza kuulizia wahitimu wa zamani, au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, akataja watu wawili anaowahitaji, siku ya kuanza, na malipo kwa kilo, sawa na ya wengine. Akikuta mmoja wao hawezi kazi, amwachishe kama anavyomwachisha kibarua mwingine yeyote asiyeweza, na achukue mwingine.