Ushuru wa Korosho na Maswali ya Kusini

Mjadala wa Juni 2018 katika Bunge la Tanzania kuhusu ushuru wa korosho ghafi, yaani tozo inayolipwa na anayesafirisha nje korosho ambazo hazijabanguliwa, unabaki kuwa kielelezo cha namna mbunge wa upinzani anavyoweza kuibana Serikali kwa niaba ya mikoa ambayo haina sauti kubwa katika hazina ya taifa. Sheria ilikuwa imeelekeza asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao lenyewe, lakini muswada wa Waziri wa Fedha, Philip Mpango, ulitaka fedha zote ziingie katika Mfuko Mkuu wa Serikali, ambao ndio kapu moja la mapato ya nchi nzima. Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo, ijapokuwa jimbo lake lilikuwa Kigoma Mjini, alikuwa miongoni mwa waliohoji hatua hiyo, na wabunge wa CCM kutoka Kusini nao waliipinga, jambo linaloonyesha kwamba hoja haikuwa ya kichama.

Kwa mkulima wa Mtwara au Lindi, hoja hiyo ina sura ya mfuko wa salfa, dawa ya unga inayopulizwa wakati mikorosho inapochanua ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua kabla hayajashika tunda. Bunge lilipitisha mabadiliko hayo; hata hivyo, waziri anayechukua fedha za zao anawajibika kueleza, kwa takwimu, pembejeo zitatoka wapi.