Mimi ni Mmoja, Nitafanya Nini?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (SAW), ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma pamoja nasi: kila Ramadhan twahimizwa kusubiri, nasi twadhani kusubiri ni kufunga mdomo mpaka shida ipite. Hebu tulitazame bonde la Abu Talib.

Mwaka wa 7 wa utume, takriban mwaka 616 miladia, Makureshi waliandika waraka wakautundika ndani ya Al-Kaaba. Bani Hashim na Bani Muttalib wasioane na mtu, wasiuziwe kitu wala kisinunuliwe kwao, mpaka wamtoe Mtume (SAW) auawe. Wakajikusanya bondeni, waliosilimu na wasiosilimu, isipokuwa Abu Lahab, ami yake Mtume mwenyewe, aliyejiunga na maadui. Yapata miaka 3! Walikula majani ya miti, na vilio vya watoto vikasikika nje ya bonde.

Bibi Khadija (RA) alikuwa humo. Mfikirie: mfanyabiashara tajiri, umri umeshakwenda, na kwa nasaba yeye ni wa Bani Asad. Waraka haukuwa wa ukoo wake, angeweza kubaki kwa nduguze. Akachagua njaa pamoja na mumewe. Sisi sambusa zikikosekana mezani siku moja tu, nyumba haikaliki.

Sasa tutoke nje ya bonde, maana huko kuna jambo ambalo hatulizungumzi sana. Kulikuwa na mtu akiitwa Hisham bin Amr, hakuwa Mwislamu wakati ule. Usiku alikuwa akimpakia ngamia chakula, akimfikisha mdomoni mwa bonde anamvua hatamu, anampiga ubavuni, ngamia anaingia mwenyewe mbio. Lakini magunia ya usiku hayaondoi dhulma, na yeye alilijua hilo. Akamwendea Zuhair bin Abi Umayya, ambaye mamake alikuwa shangazi yake Mtume, akamuuliza vipi anakula na kuvaa vizuri na wajomba zake wako katika hali ile. Zuhair akajitetea kuwa yeye ni mtu mmoja tu, angekuwa na mwenzake angeupasua waraka. Hisham akamwambia wa pili ameshapatikana, ni yeye mwenyewe. Basi tafuta wa tatu. Akaenda kwa Mut'im bin Adiy, naye akataka wa nne. Akaenda kwa Abul Bakhtari, naye akataka wa tano. Akampata Zam'a bin Al-Aswad.

Ndugu msomaji, neno hilo la Zuhair si tunalo mitaani kwetu? Kijana anayeuza unga pale kwenye kona twamjua, na duka anakotoa pia twalijua. Twaona wenzetu tuliosoma nao madrasa wamelala barazani saa nne asubuhi, mate yanawatoka. Kila mmoja wetu anasema, mimi ni mmoja, nitafanya nini? Kumbe jirani yake ndani ya nyumba anasema vile vile. Simwambii mtu aende peke yake akapigane na muuza unga. Hata Hisham hakwenda peke yake mbele ya Makureshi. Alianza kwa kubisha mlango wa mtu mmoja anayemuamini.

Wale watano walikutana usiku Hajun, juu ya Makka, wakapanga. Asubuhi Zuhair akatufu mara 7, kisha akasema mbele ya watu kuwa hataketi mpaka waraka ule wa dhulma upasuliwe. Abu Jahl akamkanusha. Zam'a akainuka upande huu, Abul Bakhtari upande ule, Mut'im na Hisham wakafuatia. Abu Jahl akabaki kulalamika ati jambo hili limepangwa usiku. Na ni kweli, lilipangwa! Mut'im alipoufikia waraka alikuta mchwa ameshaula, limebaki jina la Mwenyezi Mungu tu.

Mut'im hakusilimu mpaka kufa kwake. Lakini baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (SAW) alisema kuhusu mateka kwamba lau Mut'im angekuwa hai akamwombea kwa ajili yao, angewaachilia kwa ajili yake.